Subiri, Naandika

REHEMA: Haya, tuko hewani. Salim leo kaja na karatasi yake ya mambo matatu, yote kayapigia mstari kwa wino mwekundu.

SALIM: Na leo tunayamaliza. Nimeweka saa mezani.

REHEMA: Ngoja kwanza. Wiki hii nilimsindikiza mtu mahakamani. Nani na wapi, hayo sisemi, na haya machache ninayoyasema kaniruhusu mwenyewe. Kesi ya ubakaji. Inasikilizwa faragha, watu wote nje, mimi nikaachwa nikae nyuma yake. Sasa, usiku wake tulikesha tukifanya mazoezi ya maswali ya wakili wa utetezi. Mimi ndiye wakili, namkaripia, yeye anajibu. Kumbe tulikuwa tunajiandaa na adui asiye sahihi. Kilichommaliza ni kalamu.

SALIM: Kalamu gani tena?

REHEMA: Ya hakimu. Anaandika ushahidi wote kwa mkono. Mwenzangu kafika pale pagumu kabisa, anasema "akanishika..." Hakimu: "Subiri, naandika." Basi kasimama hivyo hivyo, mdomo wazi, anaitazama ncha ya kalamu inavyotambaa. Nukta. "Endelea." Maneno mawili, "Subiri, naandika." Jambo lililotokea kwa dakika chache alilisimulia saa mbili na nusu.

SALIM: Mimi nimekaa ukarani wa mahakama miaka tisa, Rehema. Hiyo "subiri" wanaambiwa hata wanaodaiana hela.

REHEMA: Ndiyo, lakini anayedaiwa hela hasimamishwi akiwa na mkono wa mtu mwilini. Halafu wino ukaisha.

SALIM: Acha!

REHEMA: Haki ya Mungu. Hakimu anaitikisa, anaichora pembeni ya karatasi, wapi. Karani kapekua droo, hamna. Nikatoa yangu mkobani. Ya bluu, kifuniko kimetafunwa.

SALIM: Kakitafuna nani?

REHEMA: Mimi, muda ule ule.

SALIM: Kwa hiyo kuna mwenendo wa shauri una alama za meno yako.

REHEMA: Na tusionekane tunafanya mzaha na maumivu ya mtu. Aliyeanza kucheka ni yeye mwenyewe, njiani tukirudi. Kila nikifungua mdomo nimpe pole ananiambia, "Subiri, naandika." Tulicheka mpaka akalia.

SALIM: Kalamu umerudishiwa?

REHEMA: Hajanirudishia! Ila sikiliza hili. Kwa kukatizwa kule, aliposhika tena maneno akasema "akanishika kiwiko". Mwanzo alisema "mkono". Wakili kasimama: "Shahidi, ni mkono au ni kiwiko? Ulidanganya lini, saa nne au saa tano?" Mkanganyiko umezaliwa mle ndani, umezaliwa na ile kalamu, na anaulipia yeye. Akaulizwa pia kwa nini hakupiga kelele.

SALIM: Hilo nalo bado wanauliza?

REHEMA: Bado. Na kuna utafiti wa Stockholm uliochapishwa 2017, wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa. Saba katika kila kumi walieleza kwamba mwili uliganda, hawakuweza kujitikisa wala kutoa sauti. Mwaka uliofuata Sweden ikabadili sheria. Huulizwi tena kama ulipigana, kinachotazamwa ni kama uliridhia. Mimi nasema, manusura arekodiwe mara moja, mapema, maswali ya dodoso, yale ya wakili wa upande wa pili, humo humo, basi. Iceland wanafanya hivyo kwa watoto tangu 1998, mtoto anahojiwa kwenye nyumba ya kawaida, sio—

SALIM: Subiri, naandika.

REHEMA: Salim!

SALIM: Unakimbia mno. Kwa watoto sibishi. Kwa mtu mzima nabisha. Anayeshtakiwa anaweza kumalizia maisha yake jela. Ana haki ya kumhoji anayemshtaki mbele ya hakimu, hakimu amwone anavyojibu.

REHEMA: Anavyojibu au anavyotetemeka? Anayetetemeka mnasema kafundishwa, asiyetetemeka mnasema mbona mkavu.

SALIM: Usiseme "mnasema". Mimi nilikuwa karani.

REHEMA: England wana kifungu hicho hicho cha kurekodi dodoso mapema, kwenye sheria ya 1999. Majaribio yakaanza mwishoni mwa 2013. Miaka kumi na minne watu walisubiri kifungu ambacho tayari kilikuwa kimeandikwa.

SALIM: Na mimi nakuuliza, mtu kwenye skrini anamgusa hakimu sawasawa na mtu aliyesimama mbele yake? Unaweza kumpunguzia mateso ukampotezea kesi. Halafu hiyo kalamu mnayoicheka: akikata rufaa yule mshtakiwa, majaji hawatauona uso wa mwenzako. Watasoma kilichoandikwa. Ambacho hakikuandikwa hakikutokea. Mimi nimeona hukumu ikisimama kwa sababu hakimu aliandika taratibu.

REHEMA: Basi ainunue mashine ya kurekodi aandike taratibu nyumbani kwake! Mwenzangu aliniambia siku ile mahakamani ilikuwa ndefu kuliko ule usiku wenyewe. Hilo umeliandika?

SALIM: Nimelisikia.

REHEMA: Lakini hukubali.

SALIM: Sikubali. Mtu asifungwe kwa video.

REHEMA: Na mimi sikubali mtu abanwe mara mbili kisha tuiite haki.

SALIM: ...

REHEMA: Usinitazame hivyo. Saa yako inasemaje?

SALIM: Imebaki dakika moja. Na mambo yangu matatu?

REHEMA: Sema moja, haraka.

SALIM: Nguo za aliyebakwa zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki, kwa sababu plastiki inahifadhi unyevu na ushahidi unaoza. Na kituo cha afya kabla ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, maana dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazianzishwi. Aende hata kama hajaamua habari ya polisi. La pili—

REHEMA: Subiri, naandika.

SALIM: Kwa kalamu ipi?

REHEMA: Ee, kweli. Shauri linatajwa tena mwezi ujao, nitaidai hapo.

SALIM: Kama halijaahirishwa.

REHEMA: Limeshaahirishwa mara nne. Haya, tumekatwa.