Neno la Siri Linalobaki Ndani ya Kompyuta

Waheshimiwa walimu, wazazi na vijana mliohudhuria, Assalaam alaykum.

Mwaka jana nilinunua laptopu iliyokwishatumika pale Darajani, Unguja. Nilipoiwasha nyumbani hapa Chake Chake nilikuta imehifadhi mitandao 17 ya Wi-Fi, mmoja wao ukiwa na jina la ofisi ambayo sitaitaja. Nilifungua dirisha la amri, nikaandika netsh wlan show profile, nikafuatisha jina la mtandao ule na maneno key=clear, na neno la siri la ofisi likajitokeza kwenye kioo, herufi kwa herufi. Sikuvunja kufuli yoyote.

Wengi huniuliza kwa nini kompyuta isilifiche neno hilo moja kwa moja. Tovuti inayotunzwa vizuri haina haja ya kulijua neno lako la siri. Huweka tu alama iliyokokotolewa kutokana nalo, ambayo hairudishwi nyuma. Lakini kwenye Wi-Fi kompyuta yako ndiyo mgeni anayebisha hodi, na mgeni lazima awe na cha kuonyesha. Katika WPA2, utaratibu wa ulinzi unaotumika kwenye Wi-Fi nyingi, neno la siri lenye herufi 8 hadi 63 huchanganywa na jina la mtandao katika hesabu inayorudiwa mara 4,096, ukapatikana ufunguo wa biti 256. Kisha kompyuta na ruta, yaani kifaa kinachotoa Wi-Fi, huthibitishiana kwamba kila mmoja anao, bila ya kuutamka hewani. Hata ukihifadhi ufunguo huo badala ya neno lenyewe, bado utafungua mlango uleule.

Windows huandika kila mtandao katika faili lake chini ya folda ya ProgramData, neno la siri likiwa limesimbwa, yaani limegeuzwa lisisomeke bila ya ufunguo, lakini kwa kawaida kumbukumbu hiyo ni ya kompyuta nzima, si ya mtumiaji mmoja. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: hufuta akaunti yao, wakaamini wamesafisha kila kitu, kumbe mwenye mamlaka ya msimamizi bado anaweza kulisoma. Kwenye mfumo wa Linux, NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, mara nyingi huliacha neno hilo wazi katika /etc/NetworkManager/system-connections, likilindwa na ruhusa ya faili tu. Diski isiyosimbwa ikichomolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine, ulinzi huo haupo tena. Mac huliweka katika Keychain, hifadhi yake ya maneno ya siri.

Kwa hiyo naziomba skuli zetu, kompyuta inapouzwa au kuhamishwa kutoka Wete kwenda Mkoani, diski yote ifutwe. Na ikiibiwa, neno la siri la ruta libadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu kompyuta iliyo mikononi mwa mwengine haitii tena amri yetu ya kuusahau mtandao.

Ofisi ile niliipigia simu. Walibadilisha neno lao jioni ileile, nami nikaifuta diski nzima kabla ya kumkabidhi mwanangu laptopu.