Reli ya Karanga na Hisa za Ahadi

Asalaam aleikum, na wengine habari za asubuhi. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, atazijutia.

Neno langu mnalijua, msiguune: kabla hujatia pesa ya korosho kwenye hisa, uliza kampuni inapata faida au inaahidi faida. Vijana mnaniletea simu, "Mwalimu, hii ya teknolojia itapaa." Itapaa na nini?

Mji huu wenyewe ni shahidi wangu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 wakaanza kulima karanga kwetu; hesabu zao zilitaka ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walikuja na matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita! Mavuno yalishapigiwa hesabu London kabla mtu hajauliza mvua ya Kongwa hunyesha vipi. Udongo ule ukikauka, jembe linaruka. Mwaka 1951 wakakunja virago, pauni kama milioni 36 zimeliwa. Reli waliyoijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iking'olewa, wazee wengine humu walikuwa watoto, waliiona.

Sasa mbishi atasema: "Lakini Mwalimu, si walituachia bandari ya Mtwara?" Walituachia, na korosho zinapita hapo hadi leo. Hilo ndilo nalolilia miaka yote! Kitu kinaweza kuwafaa watu na aliyekitolea pesa akabaki analia. Walipakodi wa Uingereza hawapati hata senti ya bandari ile. Intaneti nayo ni hivyohivyo, imebaki, tunaitumia sote. Lakini Pets.com, duka la Marekani la kuuza vitu vya wanyama wa kufugwa kwa intaneti, iliingia soko la hisa Februari 2000, Novemba mwaka uleule ikatangaza kufunga. Na soko zima la Nasdaq, soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, lilikaa mpaka 2015 ndipo likaifikia tena ile alama ya juu ya Machi 2000.



Namwona kijana pale nyuma anacheka. Unataka kusema Amazon, duka lile la intaneti lililokuja kuwatajirisha waliong'ang'ania hisa zake. Kila ninapokwenda naletewa Amazon! Haya. Desemba 1999 hisa yake moja ilipita dola 100. Mwaka 2001 ilikuwa chini ya dola 6. Wewe, mwenye ada ya mtoto Januari na dawa ya kupulizia mikorosho, ungeishikilia? Ungeuza kwa dola 20 na kunikwepa njiani.

Na wenye faida nao wasiwalevye. Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mtandao, mwaka 2000 ilikuwa na faida ya kweli, ila bei ilishapaa mno. Aliyenunua kileleni alisubiri zaidi ya miaka 20 kuiona bei ileile. Kwa hiyo uliza pia bei ya hisa ni sawa na faida yake ya miaka mingapi. Hapa nilikuwa na hesabu ya ubaoni, chaki hakuna.

Karibu na nyumbani: hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008, shilingi 600 kwa hisa. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, la mwaka 2023 peke yake lilikuwa shilingi 361 kwa hisa. Nani alinunua? Mkono mmoja. Mama, njoo ukae mbele.

Dhamana za serikali naziruka, mwenyekiti keshasimama. Kijana wa Amazon, maswali yanaanzia kwako.