Mteja Amepata Nafuu: Ni Wewe au Ni Mwezi?

Wakubwa zangu shikamooni, na washauri nasaha wenzangu wote, karibuni.

Nianzie mwaloni Kibirizi, hapa hapa Kigoma. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa. Mitumbwi inalala, chanja zinabaki tupu. Siku hizo anakuja kwako mama muanika dagaa. Halali, hali, mawazo yamemzidi. Unampa lile dodoso la sonona la maswali 9, linalouliza hali ya wiki 2 zilizopita, anapata alama 17 kati ya 27. Mnazungumza mara tatu. Wiki tatu baadaye giza limerudi, dagaa wanamiminika, unampima tena: 8. Ripotini unaandika kwamba ushauri umemsaidia.

Je, ni wewe au ni mwezi?

Mwaka 1952 Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliuliza swali la namna hiyo kwa ukali. Alidai kuwa karibu theluthi mbili ya wenye matatizo ya akili yasiyo makali sana, kama hofu na huzuni, hupata nafuu ndani ya miaka 2 hata bila tiba ya mazungumzo. Hesabu zake zilipingwa sana, na mimi naona wapinzani walikuwa na haki, lakini alitulazimisha kutafuta ushahidi.

Ushahidi huanza na kundi la kulinganisha. Harare, akina bibi waliofunzwa huketi na wateja kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza nao shida zao. Katika utafiti uliotoka mwaka 2016, zahanati 24 ziligawanywa kwa kura: baadhi zikapata benchi, nyingine huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Watu walikuwa 573. Baada ya miezi 6, wa benchi walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Shida za maisha ziliwakuta wote; tofauti ilikuwa benchi.

Ila nawasihi: swali la 9 la dodoso lile linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Mteja akikubali hilo, weka utafiti pembeni, mshughulikie mtu.

Na sikilizeni maneno yenyewe. Niliwahi kumuuliza mama mmoja kama amekosa hamu ya kufanya kazi zake. Akanitazama, akasema, "Hamu ninayo mwanangu, dagaa ndio hawapo." Nilikuwa nimeshika kalamu, nimeshaanza kuweka alama ya 3, ya juu kabisa kwa swali moja.

Tangu siku hiyo fomu zangu zina mstari wa ziada, juu kabisa, kabla ya swali la kwanza: giza au mbalamwezi?