Pingamizi la Awali

ZUHURA: Wapenzi wasikilizaji, leo salamu ni fupi. Jumanne nilikuwa baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na shangazi.

MUDI: Shangazi wa maandazi?

ZUHURA: Huyohuyo. Barabara ya halmashauri ilimega kiwanja chake, migomba minne ikaenda, fidia hakuna. Miezi minane anahudhuria. Jumanne wakili wa serikali kasimama dakika kumi tu: pingamizi la awali, yaani kesi ina kasoro ya kisheria, isisikilizwe kabisa. Notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki haikutolewa, Mwanasheria Mkuu hakuunganishwa kama mshtakiwa, na kesi ilitakiwa kufunguliwa Mahakama Kuu. Shauri likaondolewa. Shangazi kanigeukia: "Mbona hawajaniuliza habari za migomba?"

MUDI: Dah. Na hilo la kumuunganisha Mwanasheria Mkuu ukiishtaki halmashauri limekuja na marekebisho ya sheria ya 2020. Angelijuaje? Maombi aliandikiwa na nani?

ZUHURA: Steshenari ya mkabala na baraza. Elfu kumi na tano.

MUDI: Ehee! Hapo kwenye steshenari hapo.

ZUHURA: Dada wa pale nakala anayo kwenye flashi, anabadilisha majina tu. Ukurasa wa tatu, Mudi, mwombaji ni mtu mwingine kabisa, na analalamikia minazi. Shangazi hana mnazi hata mmoja!

MUDI: Pingamizi la awali! Yule dada usimlaumu. Saa moja asubuhi kashafungua, anamwambia mtu "kaa mama, nieleze". Ofisi gani nyingine inamwambia hivyo?

ZUHURA: Simlaumu. Nasema kazi ya wakili kaachiwa mwenye printa. Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2017, wasaidizi wa kisheria, wale wa kutoa ushauri ambao si mawakili, inawatambua, ila kumsimamia mtu mahakamani hawaruhusiwi. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imewafikia wengi, lakini wanasheria wakishasikiliza wanahamia mkoa mwingine, kesi inabaki. Nataka fungu la bajeti ya serikali, kila mwaka, wakili akae na kesi ya ardhi, mirathi, matunzo ya mtoto, mpaka hukumu.

MUDI: Pingamizi la pili. Shangazi anaishtaki nani? Serikali. Wakili wake alipwe na nani? Serikali. Siku fungu likikatwa, kesi ya kwanza kuachwa ni ipi?

ZUHURA: Hakimu naye analipwa na serikali, mbona tunampelekea kesi?

MUDI: Hakimu ana kinga. Wakili wa mkataba wa mwaka mmoja hana.

ZUHURA: Basi apewe kinga. Wenzetu wa Kenya, sheria yao ya 2016 imeanzisha mfuko kabisa.

MUDI: Kuanzisha mfuko na kuujaza ni mambo mawili, dada.

ZUHURA: Wafadhili je? LSF, shirika la kugharimia msaada wa kisheria, imewezesha wasaidizi wa kisheria tangu 2011, kwa hela za nje. Mfadhili akifunga mkoba, shangazi anarudi kwenye flashi.

MUDI: Bora mfadhili aondoke kuliko mshtakiwa alipe wakili wa pande zote mbili. Hapo sisogei.

ZUHURA: Na mimi sisogei. Haki ya mama muuza maandazi isitegemee huruma ya watu wa mbali. Kodi analipa naye.

MUDI: Hiyo ya kodi imenigusa. Bado sijakubali.

ZUHURA: Tumebakiza dakika mbili, na tuliahidi mambo matatu ya kubeba ukienda kwa msaidizi wa kisheria.

MUDI: Hayatoshi kwenye dakika mbili. Niambie la shangazi, notisi vipi?

ZUHURA: Tumeipeleka jana halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Nakala yetu imegongwa mhuri wa kupokelewa, tarehe inasomeka. Siku 90 zinahesabiwa.

MUDI: Kaichapa nani?

ZUHURA: Yuleyule wa steshenari. Ila safari hii nilivuta kigoda pembeni yake, tukasoma kila ukurasa kwa sauti. Minazi haimo.