Mzigo Unapozidi Nguvu Zetu

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe. Nashukuru kwa mwaliko huu. Mmeniomba nizungumzie nguvu tunazopata katika imani wakati mambo yamekuwa mazito, nami nitaanza na kauli ambayo wengi wetu tumeambiwa, na wengine tumeisema wenyewe msibani au kando ya kitanda cha mgonjwa: “Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba.” Husemwa kwa nia njema kabisa. Anayeisema anatafuta neno la kumshika mwenzake asianguke. Lakini kauli hiyo haimo katika Biblia, na mtu aliyelemewa akiiamini huumia mara mbili. Kwanza anaumizwa na mzigo wenyewe, kisha anaumizwa na fikira kwamba ikiwa umemshinda, basi kasoro iko katika imani yake.

Najua wapo wanaosema moyoni, “Mbona ipo, Wakorintho wa Kwanza 10:13?” Haya, tuifungue. Mstari unasema Mungu ni mwaminifu, hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, na kwamba pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Sasa soma kuanzia mwanzo wa sura. Paulo anawakumbusha habari za Waisraeli jangwani, jinsi walivyoabudu sanamu, wakazini, wakamjaribu Bwana, wakanung’unika. Na mstari unaofuata, wa 14, unasema ikimbieni ibada ya sanamu. Anasema na watu wanaovutwa kutenda dhambi, anawaambia msitoe udhuru, mlango upo. Hasemi na mjane aliyezika mumewe juzi.

Paulo huyohuyo anapotaka kueleza mzigo uliompata yeye, anawaandikia Wakorintho haohao katika waraka wa pili, sura ya kwanza, mstari wa 8: “tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi.” Sikilizeni maneno hayo. Kuliko nguvu zetu. Mtume, mtu aliyepanda makanisa, anasema bila kificho kwamba mzigo ulimzidi. Yaliyompata huko Asia, jimbo la Warumi lililokuwa katika Uturuki ya leo, hayaelezi kwa undani, na wafafanuzi wamekisia mengi. Mimi nafurahi kwamba hakueleza. Angeeleza, tungeanza kupima: yangu ni madogo kuliko yake, sina haki ya kulia, au yangu ni makubwa, yeye hajui kitu. Anachoeleza ni mahali alipojifunza kuegemea: “tusijitumainie nafsi zetu, bali tumtumaini Mungu, awafufuaye wafu.” Na hapohapo, mstari wa 11, anawaomba wamsaidie kwa maombi.

Kwa hiyo leo sitawaambia kwamba mnaweza. Huenda hamwezi. Nataka tuangalie Mungu humfanyia nini mtu asiyeweza.

Twende kwa nabii Eliya, Wafalme wa Kwanza 19. Sura iliyotangulia alikuwa juu ya mlima Karmeli, yeye mmoja mbele ya manabii 450 wa Baali, mungu wa sanamu, moto ukashuka, kisha mvua ikanyesha baada ya ukame wa miaka. Ukihesabu ushindi, hakuna nabii aliyekuwa na wiki nzuri kuliko ile. Ndipo malkia Yezebeli, aliyewalinda manabii wa Baali, akatuma ujumbe kwamba atamwua. Eliya akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, akaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, akaomba afe. “Yatosha, sasa, Ee Bwana, uondoe roho yangu.”

Angalieni mambo mawili kabla hatujaendelea. La kwanza, kuchoka huku kulimjia baada ya ushindi. Tumezoea kudhani mtu huvunjika akishindwa, kumbe wengine huvunjika kazi ikiisha, mwili unapogundua umebeba nini. La pili, alimwacha mtumishi nyuma. Mtu aliyelemewa hujitenga na yule ambaye angemfaa, na akishajitenga huona kwamba hana mtu.

Sasa Mungu anafanya nini? Wahubiri wenzangu, mtanisamehe, lakini sisi tungeanza na mahubiri. Tungemkumbusha Karmeli. Tungemwuliza imani yake imekwenda wapi. Malaika alimgusa, akamwambia, “Inuka, ule.” Basi. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena! Wala hakukemewa kwa kulala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale, kwa sababu safari iliyo mbele yake imemzidi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Malaika wa Bwana hasemi, “Safari hii unaiweza.” Anasema imekuzidi, kwa hiyo kula. Kukiri kwamba mzigo ni mkubwa kunatoka mbinguni kabla Eliya hajakuwa na nguvu ya kubishana. Na kwa chakula hicho akatembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu, mlima wa Mungu. Swali la Mungu, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, lilikuja huko, baada ya usingizi, baada ya mkate, baada ya siku zote hizo.

Tena Eliya hakupona kwa dakika moja. Ukisoma vizuri utaona aliulizwa swali lile mara mbili, kabla ya upepo, tetemeko na moto, na baada ya ile sauti ndogo ya utulivu. Majibu yake yote mawili ni yaleyale: nimesalia mimi peke yangu, nao wananitafuta roho yangu. Alikuwa amesikia sauti ya Mungu na bado moyo wake ulikuwa palepale. Mungu hakumngojea ajisikie vizuri. Alimpa kazi, akampa Elisha wa kumhudumia na kuchukua nafasi yake, na akamsahihishia hesabu: wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Peke yangu, kumbe 7,000.

Niongeze neno fupi kuhusu tiba, maana huulizwa kila mara. Mfalme Hezekia aliugua akiwa karibu na kufa, akaomba, akalia sana, na Mungu akamwongezea miaka 15. Ahadi imetoka, imetiwa muhuri. Na bado nabii Isaya akaagiza waletwe tini, zikawekwa juu ya jipu. Iko katika Isaya 38. Anayekuambia uache dawa ili uonyeshe imani amejipa mamlaka ambayo Isaya hakujipa. Na kama yupo hapa anayeomba ombi la Eliya, lile la kuondolewa roho, namsihi asilibebe peke yake hata usiku mmoja zaidi. Amwambie mtu leo, amwone na daktari. Hiyo haipunguzi imani hata chembe.

Sasa tuje kwenye kulia. Sijui nani alitufundisha kwamba Mkristo imara halii. Zaburi ziko 150, na sehemu kubwa ni malalamiko. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu “hata lini” mara nne mfululizo, “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?”, na kabla ya kufika mwisho mtunzi ameanza kuimba. Hiyo tunaipenda. Lakini ipo ya 88. Mle mtu anamlilia Mungu mchana na usiku, anasema rafiki zake wamewekwa mbali naye, na zaburi inaishia gizani. Haina “lakini.” Haina mstari wa mwisho wa shangwe. Na waliokusanya nyimbo za ibada za Israeli waliiacha humo, iimbwe hekaluni, bila kuitafutia mwisho mzuri. Mwenye zaburi hiyo alikosa kila kitu isipokuwa mtu wa kumlalamikia, na mtu huyo alikuwa Mungu. Kwangu mimi hiyo ni imani, tena imani kubwa. Asiyeamini hana sababu ya kuuliza “mbona.” Bwana wetu mwenyewe msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”

Ayubu alipofiwa na watoto wake na kupoteza mali na afya, rafiki zake walifanya vema siku saba. Walikaa naye chini, kimya, kwa sababu waliona uchungu wake ni mwingi sana. Walipofungua kinywa ndipo walipoharibu. Mwisho wa kitabu Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake, ambao walikuwa na majibu yote, na anasema Ayubu, aliyelalama kurasa kwa kurasa, ndiye aliyenena yaliyo sawa juu yake.

Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa kutoka Ujerumani, alikuwa na mafundisho ya kutosha kuhusu ufufuo. Mwezi Septemba 1542 binti yake Magdalena alifariki akiwa na miaka 13. Luther akamwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema wa mtoto wao, lakini upendo wa mzazi uliwashika kiasi kwamba hawakuweza kufanya hivyo bila kulia. Aliamini na akalia, yote mawili siku zilezile.

Najua mnangojea Wafilipi 4:13. “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.” Tunaubandika kila mahali, hata kwenye mambo ya kushinda mitihani na mashindano. Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Mstari wa 12 unataja hayo mambo yote ni yapi: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Yaani anaweza kukaa na njaa na bado Kristo akawa wake. Halafu mstari wa 14, ambao sijawahi kuuona umebandikwa popote: “Lakini mlifanya vema, kushiriki nami katika dhiki yangu.” Zile nguvu za Kristo zilifika zikiwa zimebebwa na Epafrodito, aliyesafiri na msaada wa kanisa la Filipi, akaugua njiani au huko alikofika, karibu afe. Eliya aliletewa mkate na malaika; Paulo aliletewa na mtu aliyeugua.

Mtaniuliza, na yule asiyeweza hata kuomba? Paulo anasema katika Warumi 8 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kama huna maneno, kaa kimya mbele zake. Soma zaburi moja fupi, hata ile ya 13 yenye mistari sita tu. Usitafute nguvu za mwaka mzima. Mana, chakula Waisraeli walichopewa na Mungu jangwani, ilitolewa ya siku, na iliyowekwa hadi kesho ikaingia mabuu, isipokuwa ya Sabato. Bwana alitufundisha kuomba riziki ya leo.

Na ukishindwa hata hilo, kumbuka mgonjwa wa kupooza katika Marko 2. Injili haitaji ombi lake lolote. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, wakamteremsha, na Yesu alipoiona imani yao, akasema naye. Kwa hiyo wewe ambaye wiki hii uko sawa, unayelala na kuamka salama, una kazi. Kuna mtu unamjua amenyamaza muda mrefu. Usimpelekee mstari kwanza. Mpelekee chakula, ukae naye, umwulize kama amelala. Akitaka kusema, mwache aseme hata yale yasiyokupendeza masikioni.

Naona muda wa maswali umefika, na mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma. Tuanze na mama pale.