R Siyo Ringi: Pikapu ya Mjomba na Matairi Mawili Makubwa

KANIKI: Tumerudi. Dada Zuhura, wiki nzima hupokei simu.

ZUHURA: Nilikuwa Soni, kaka. Pikapu ya Mjomba.

KANIKI: Ile Hilux ya kabichi? Imefanya nini tena?

ZUHURA: Matairi ya mbele yalikwisha. Akateremka Mombo, akauziwa mawili, 265/70R16. Nyuma kabakiza yale ya zamani, 205R16C. Muuzaji kamwambia, "Mzee, zote ringi 16, zinaingia." Na kweli zimeingia. Lakini anapandisha mlima, kila kona kali anasikia tairi inakwangua madigadi. Jumatano mvua ikanyesha, akaingiza fowili kwenye udongo kule Bumbuli. Kufika lami hajaitoa, gari ikawa nzito kama imefungwa breki. Ndipo akanipigia: "Mwanangu, gari imerogwa."

KANIKI: Maskini Mjomba! Sasa ikawa nini?

ZUHURA: Tairi ya mbele ina kimo cha milimita 777, ya nyuma kama 740. Ukiingiza fowili, mbele na nyuma vinalazimishwa kuzunguka sawasawa. Kumbe mzunguko mmoja, ya mbele inakwenda karibu sentimita 244 na ya nyuma 232. Kwenye tope tairi inateleza, inajipa nafuu. Kwenye lami haina pa kutelezea, basi giaboksi ndiyo inayoumia.

KANIKI: Hiyo 777 umeipima kwa futi kamba?

ZUHURA: Nimeisoma ubavuni. 265 ni upana, milimita. 70 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 70 ya huo upana, yaani 185.5. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, 371. Ongeza rimu ya inchi 16, ambayo ni milimita 406. Jumla 777.

KANIKI: Milimita, asilimia, inchi, zote nyumba moja. Halafu R ndiyo ringi.

ZUHURA: R siyo ringi.

KANIKI: Dada!

ZUHURA: Ni radiali. Zile nyuzi za ndani zimelazwa kutoka ukingo huu wa tairi moja kwa moja hadi ukingo wa pili. 16 ndiyo rimu. R haihusiki na rimu hata kidogo.

KANIKI: Mimi nasema "ringi" tangu naosha magari ya watu pale Kange. Fundi wangu anasema ringi. Tanga nzima inasema ringi.

ZUHURA: Semeni, lakini herufi siyo hiyo.

KANIKI: Subiri, ninayo picha ya tairi ya Mjomba uliyonitumia. 205R16C, halafu mbele yake 110/108R. Hapa R ya pili hii! Hii ndiyo ringi.

ZUHURA: (anacheka) Na hiyo siyo ringi. Hiyo ni mwendo: tairi imeruhusiwa hadi kilomita 170 kwa saa.

KANIKI: R mbili kwenye tairi moja, na hakuna hata moja ya ringi?

ZUHURA: Hakuna. Ile 110 ni mzigo, kilo 1060 kwa tairi moja. 108 ni kilo 1000, pale tairi zinapofungwa mbili mbili.

KANIKI: Na C?

ZUHURA: Mjomba anasema C ni Chapakazi.

KANIKI: Hapo Mjomba amepatia!

ZUHURA: Hakukosea sana. Ni alama ya tairi ya gari la biashara, la kubebea mizigo. Ila nilichotaka kukisema leo ni hiki: usinakili namba ya tairi iliyokwisha, maana hujui nani aliifunga. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Cha Mjomba kimeandikwa 205R16C. Ningekuwa pale Mombo, asingepoteza pesa.

KANIKI: Hapo sikubali. Kibandiko hakijawahi kupanda Bumbuli wakati wa masika. Mjomba alikosea kununua mawili tu. Angenunua manne makubwa, tumbo la gari linanyanyuka karibu sentimita 2. Kwenye mfereji wa tope hizo sentimita 2 ndizo zinazokufikisha na kabichi zako sokoni.

ZUHURA: Na rimu? Zile za chuma za Mjomba zina upana wa inchi 6. Tairi ya 265 inataka 7 kwenda juu. Umeiminya, imevimba kama andazi.

KANIKI: Abadilishe rimu.

ZUHURA: Na madigadi? Na gia inavyolemewa mlimani? Na spidi: saa inasoma 80, yeye yuko 84. Tena tairi nyembamba inakata tope mpaka chini kwenye udongo mgumu.

KANIKI: Kwenye tope jembamba. La Bumbuli halina chini! Yangu nimefunga kubwa, rimu pana, mwaka wa nne huu, sijavutwa na trekta.

ZUHURA: Hubebi tani moja ya kabichi wewe.

KANIKI: Nabeba mchanga.

ZUHURA: Tambarare.

KANIKI: Mchanga ni mchanga, dada.

ZUHURA: Mimi Mjomba nimemrudishia 205 zote nne. Nimeshuka naye mpaka Mombo, hakuna kilichokwangua.

KANIKI: Msubiri masika.

ZUHURA: Nitamsubiri. Kaka, tumebakiwa na dakika mbili, na sijagusa upepo, wala zile namba nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Spea yake imeandikwa 1419!

KANIKI: Wiki ya 14, mwaka 2019? Hiyo itoeni leo leo.

ZUHURA: Ndiyo nilitaka tuieleze…

KANIKI: Muda, dada. Wasikilizaji, tupigieni picha ubavu wa tairi zenu, mtutumie. Mwenye kuona R ya tatu aseme.

ZUHURA: Na bado haitakuwa ringi.