Mgonjwa wa kwanza ni fantomu

Karibuni tena, wenzangu wa eksirei. Hapa Temeke ni saa moja na robo asubuhi, benchi la nje limeshajaa, ila mgonjwa wa kwanza ni huyu hapa mezani. Fantomu: bapa la plastiki ngumu lenye kipande kidogo cha shaba na kingine cha alumini, tunalolipiga picha kila wiki kuipima mashine yenyewe. Mwongozo wake ulitolewa na IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mwaka 2021, na haina makuu. Ukimpa fundi makini wa Gerezani vipimo, anakukatia.

Washa mashine, ipe muda. Kama umeme ulikatika usiku, subiri zaidi. Paneli, yaani kile kibao kinachopokea mionzi na kutengeneza picha, ikiwa haijatulia inatoa namba za uongo.

Sasa ilaze fantomu. Sogea uone hizi selotepu kwenye pembe nne. Zamani nilikuwa nachora kwa maka peni, dada wa usafi akapitisha Jik, kwisha. Wiki iliyofuata fantomu ikakaa kiganja kizima upande wa anodi, ncha chanya ya tyubu inayotoa mionzi, ambako mionzi huwa hafifu, nikamsumbua mhandisi bure.

Zima otomatiki inayopanga mionzi yenyewe, ina siku yake ya kupimwa. Weka mwenyewe kilovolti 70, na mAs, yaani kipimo cha wingi wa mionzi, ileile ya kila wiki. Rudi nyuma ya kioo cha risasi, funga mlango, piga.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Usichukue picha iliyokwisha kupambwa, chukua ghafi, faili la DICOM, yaani muundo wa faili za picha za hospitali. Mashine ya dijitali inajua kupaka picha poda, chenga zote, zile punje punje za picha, zinafichwa. Enzi za filamu ukizidisha mionzi picha ilikuwa nyeusi tii, aibu yako. Siku hizi ukizidisha, picha inatoka safi kuliko jana, daktari anakusifu, na mzigo kaubeba mgonjwa. Mimi jicho langu siliamini tena kwa kazi hii.

Buruta faili kwenye programu ya kuchambua picha za fantomu. Inakitafuta kipande yenyewe, inapima kinavyojitokeza kwenye chenga zinazokizunguka, kisha inaweka nukta kwenye grafu. Ona yetu: wiki tisa mstari umelala, leo umeshuka kama asilimia 9.

Usikimbilie simu. Mionzi inayofika kwenye paneli ikipungua hadi robo, namba hii hubaki karibu nusu. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu paneli, uliza mionzi imepotelea wapi. Selotepu ziko sawa, mAs iko sawa. Umbali wa tyubu... ehee. Sentimita 110, sisi tunapimia 100. Mwenzangu wa zamu ya usiku kaiacha juu.

Ningeona kila kitu kiko sawa na bado imeshuka, ningemtumia grafu mtaalamu wa fizikia tiba, kwa kuwa mipaka ya kushuka au kupanda kaiweka yeye. Na ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomu uko palepale, hiki kipimo hakiufuti.

Nashusha tyubu, napiga tena. Nukta imerudi mstarini. Haya, mama uliyetangulia, karibu ndani.